Udongo wa Marangu Darasani Newala

Mwenzangu wa Newala hakuniomba ndizi wala kahawa. Aliniomba udongo. "Kopo moja tu, wa shambani kwako, na usiuloweshe," aliniandikia kwenye simu, wala hakueleza zaidi. Tulisoma pamoja Chuo cha Ualimu Marangu. Yeye akapangiwa kazi kusini, akaolewa huko huko, mimi nikafundisha sayansi katika shule za msingi za Kilimanjaro mpaka nilipostaafu. Miaka yote hiyo kusini nilikujua kwa ramani ya ukutani: Mto Ruvuma, korosho, Wamakonde na vinyago vya mpingo. Basi mwishoni mwa Oktoba nilichota udongo mweusi wa mgombani, nikaujaza kwenye kopo la maziwa ya unga, nikalizungushia kanga kuukuu na kushika njia.

Basi la Masasi liliondoka Mbagala usiku haujaisha. Niliomba kiti cha dirishani, na aliyekaa nami, mama mmoja wa huko kusini aliyekuwa akirudi kwao, akawa mwalimu wangu wa njia. Tulipofika Rufiji alinigusa begani. "Amka, mama, huu ndio mto uliokuwa unatufungia nyumbani." Daraja la Mkapa lina urefu wa mita 970, na lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla yake watu walivuka kwa kivuko cha Ndundu, na mto ukijaa walilala ng'ambo na mizigo yao, wakisubiri. Nilitazama maji yale mapana, ya rangi ya chai ya maziwa, na ukingo wa pili ukija taratibu. Kwetu mto unauvuka kwa kuruka mawe.

Baada ya Nangurukuru nilisinzia. Nilipozinduka tulikuwa tumekwishapita Mingoyo, bahari tumeiacha nyuma, basi linaelekea machoni pa jua la alasiri. Upande wa kushoto ukaanza kuonekana ukuta mrefu wa kijani, umenyooka juu kama uliopigwa rula, hauishi. "Hiyo ndiyo nyanda ya Makonde," mama yule akaniambia. "Unakokwenda ni juu huko." Chini ya ukuta huo ndipo ilipo Ndanda, mahali ambapo Wabenediktini walianzisha misheni yao mwaka 1906. Penye vumbi lile la Oktoba, Ndanda ilikuwa mbichi: migomba, miembe mikubwa, maji ya chemchemi yanayotoka ubavuni mwa nyanda. Nilifurahi kuona migomba, nikadhani huko juu basi kutakuwa na maji zaidi. Kwetu ukipanda ndivyo maji yanavyozidi.

Masasi ilinishangaza kabla sijashuka. Mtu wa Kilimanjaro anajua mlima ni kitu kinachokuja kwa hatua: mashamba, msitu, nyasi, mawe, theluji. Milima ya Masasi haina hatua. Ardhi ni tambarare, halafu ghafla jiwe moja kubwa, jeupe kwa jua, limesimama peke yake, na jingine kule, na jingine, kama mafiga yaliyoachwa jikoni baada ya chungu kuondolewa. Umri wake ni mkubwa mno. Mvua na upepo vimekula udongo na miamba laini iliyokuwa pembeni, ile migumu ikabaki imesimama.

Chini ya mawe hayo kuna historia ndefu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alikuja kutoka Zanzibar kupitia Lindi, akiongozana na watu waliokombolewa utumwani, wengi wao wenye asili ya huku bara, akaanzisha nao makazi hapa Masasi. Karibu na mji, kijijini Lupaso, ndiko alikozaliwa Rais Benjamin Mkapa mwaka 1938, na ndiko alikozikwa mwaka 2020. Nilipitia hayo haraka haraka usiku ule, kwenye mazungumzo ya mezani, kwa sababu akili yangu ilikuwa kwenye sahani. Wenyeji wangu waliniwekea ming'oko, mizizi ya porini myembamba na mirefu, iliyochemshwa. Unaimenya ganda kwa vidole, unachovya kwenye chumvi na pilipili. Ladha yake iko kati ya kiazi kikuu na karanga mbichi, na ukishaanza huachi.

Nililala kwa wifi yake mwenzangu, ambaye naye ni mwalimu, wa darasa la tano. Asubuhi aliniomba nimsindikize shuleni. Watoto zaidi ya sabini walisimama kwa mkupuo mmoja: "Shikamoo mwalimu!" Nikaitikia marahaba, nikapewa nafasi dawati la nyuma, katikati ya wasichana wawili waliokuwa wakinitazama miguu.

Somo lilikuwa sehemu za mmea. Kitabuni palikuwa na picha ya tunda lililopasuliwa, mbegu zake zikionekana ndani. Mwalimu hajamaliza maelezo, mvulana mmoja akanyoosha kidole. "Mwalimu, bibo halina mbegu ndani. Korosho imekaa nje. Sasa pale tunda ni lipi?"

Nimefundisha somo hilo miaka mingi na sijawahi kuulizwa swali hilo. Kwetu kila kitu kinaficha mbegu: parachichi, embe, hata tunda dogo la kahawa lenye punje zake mbili. Nilisubiri kwa hamu mwalimu atajibu nini. Hakujibu. Aliwatoa nje waende kwenye mikorosho ya shule. "Leteni ua, leteni ndogo kuliko zote, leteni ya kati, leteni iliyoiva. Na msivunje matawi."

Oktoba mkorosho unakuwa na kila kitu kwa wakati mmoja, maua ya mwisho na mabibo yaliyoiva juu ya mti huo huo. Baada ya muda sakafuni palipangwa mstari. Kwanza ua dogo la rangi ya waridi. Kisha kitu cha kijani, kidogo kuliko harage. Kisha korosho nzima ya kijani, imekwisha kuwa kubwa, imening'inia kwenye kikonyo chembamba, na bibo halipo kabisa. Kisha korosho ile ile, na kikonyo kimeanza kuvimba. Mwisho bibo jekundu lenye maji, harufu yake imejaa darasa zima. Watoto waliinama juu ya mstari ule, wakasukumana, wakanyamaza. Halafu msichana mmoja akapaza sauti: "Bibo ni kikonyo kilichonenepa!"

Ndivyo wanavyosema wataalamu wa mimea. Tunda halisi la mkorosho ni ile korosho na ganda lake, mbegu ndiyo ile tunayokula, na bibo ni kikonyo kilichovimba. Watoto wale walilifikia jambo hilo wenyewe, kwa macho, bila kuambiwa. Mazungumzo yakahamia kwenye ganda. Mvulana mmoja akaonyesha kovu jeusi karibu na mdomo, alipong'ata korosho mbichi; mafuta ya ganda lake huunguza ngozi. Mwingine akasema hata utomvu wa embe changa unababua. Mwalimu akawaambia ndiyo, mwembe na mkorosho ni wa ukoo mmoja, isipokuwa mkorosho ni mgeni, uliletwa na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16. Hilo lilizua kelele. Kwamba mti unaowalipia sare na madaftari ulikuja kwa jahazi ni jambo ambalo wengi walikataa kulikubali papo hapo.

Ugonjwa wa mti huo nao wanaujua kuliko vitabu. Niliuliza ubwiriunga ni nini, nikapewa majibu kutoka pande zote: unga mweupe juu ya maua, maua yanakauka, baba anapuliza salfa alfajiri kukiwa na umande ili vumbi lishike. Mtoto wa darasa la tano aliyeona kuvu likila mapato ya mwaka mzima wa nyumba yao hahitaji kushawishiwa kwamba viumbe vidogo visivyoonekana vipo.

Kutoka Masasi hadi Newala ni kama kilomita 70. Tulipita Nagaga, vumbi jekundu likiingia kila mahali, sehemu nyingine magreda yakiwa kazini barabarani. Kisha gari likaanza kupanda. Nilitega masikio nikisubiri sauti ya maji, maana kwetu ukipanda mteremko kama ule lazima uvuke vijito. Hakuna. Tulipanda, tukapinda, tukapanda, na makorongo yote yalikuwa makavu. Juu palikuwa tambarare, pana upepo mzuri, pamejaa mikorosho. Newala iko zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari, nikasikia ubaridi wa jioni nikajiona nimefika nyumbani.

Mpaka nilipoona kufuli. Mwenzangu alinikumbatia, tukalia kidogo, akanionyesha nyumba. Bati, mfereji wa bati ukingoni mwa paa, na bomba linaloshuka hadi kwenye kisima cha saruji kilichochimbwa uani. Kifuniko chake cha chuma kilikuwa na kufuli kubwa. "Hiyo ndiyo benki yetu," alisema. Mvua ya masika hukingwa humo, ikanywewa mpaka mvua nyingine. Maji ya bomba yapo, ya Mradi wa Makonde ulioanza enzi za mkoloni miaka ya 1950, lakini ni maji yanayosukumwa kwa pampu kutoka chanzo cha Mitema, bondeni Kitangari, kupandishwa mlima wote ule niliokuwa nimeupanda kwa gari. Njiani pikipiki zilikuwa zikipita na madumu ya njano yamefungwa pande zote. Mimi nimekulia pembeni mwa mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia mashamba. Maji yanapita uani usiku na mchana, unachota, unamwaga, unachota tena. Jioni hiyo nilioga kwa kopo moja, nikalipima kila tone.

Asubuhi nilielewa kwa nini aliniomba udongo.

Darasa lake ni la sita. Mezani palikuwa na chupa mbili za maji ya kunywa, zimekatwa vitako na kupinduliwa, midomoni zimefungwa kipande cha kitambaa. Moja aliijaza mchanga mwekundu uliochotwa pale pale uwanjani. Ya pili aliijaza udongo wangu. Watoto walipitishiwa kopo, wakaunusa, wakaufinya. "Mweusi kama wa kuchoma," mmoja akasema, nikawaeleza kwamba ni kweli, chimbuko lake ni mlima wa volkano. Kisha mwalimu akapima maji, kikombe kimoja kimoja kilicho sawa, akawapa wanafunzi wawili wamimine kwa pamoja. Kabla hawajamimina, msichana wa dawati la mbele aliruka. "Mwalimu, kinga!" Akasogeza sufuria chini ya chupa zote mbili. Hakutumwa na mtu. Katika darasa lile kumwaga maji chini, hata kwa ajili ya sayansi, ni jambo lisiloingia akilini.

Maji ya Newala hayakuchelewa. Yalipenya mchangani, yakaanza kudondoka, yakawa mfululizo. Ya Marangu yaliingia udongoni yakakaa. Tulisubiri. Mvulana wa kuhesabu sekunde alichoka akabadilishwa. Mwishowe likatoka tone moja, jeusi kidogo, kisha jingine, na basi. Sehemu kubwa ya kikombe kile ilibaki ndani ya udongo.

"Kwa hiyo kwao mvua inakaa juu," mwalimu akauliza, "kwetu inakwenda wapi?"

Chini, wakajibu. Chini wapi? Hapo ndipo darasa lilipopasuka. Wengine walisema inaishia ardhini. Wengine baharini. Msichana yule wa sufuria akasema inatoka huko bondeni kwenye chemchemi, maana shangazi yake anakaa huko na maji hayakauki hata kiangazi. Nikaikumbuka migomba ya Ndanda chini ya ule ukuta wa kijani. Nyanda nzima ni chujio. Mvua inazama juu, kwenye mchanga mnene, na kutokea miguuni. Watu wanaishi juu ya maji yao wenyewe, na inawabidi wayafuate bondeni.

Maji ya sufuria hayakutupwa. Baada ya kipindi yalimwagiwa miche ya miembe nyuma ya choo.

Alasiri tulikwenda Shimo la Mungu. Ni ukingo wa nyanda, karibu na mji. Unatembea mahali tambarare, ghafla ardhi inakatika, na chini yako kuna bonde kubwa la Ruvuma, miti inaonekana kama majani, na mbali kabisa, katika ukungu wa joto, ni Msumbiji. Nilishika mkono wa mwenzangu. Nimeuona Mlima Kilimanjaro kila asubuhi ya maisha yangu na nimezoea kutazama juu. Kutazama chini namna ile kulinitetemesha magoti. Kutoka kijia cha mteremkoni walikuwa wakipanda wanawake wenye ndoo vichwani, bila kushikilia, wakizungumza.

Kwa nini basi watu walikuja kukaa juu kusiko na maji? Mzee jirani alitupa jibu usiku, na jibu lake ni la zamani. Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906 akikusanya habari za watu wa huku, aliandika hadithi hiyo hiyo. Mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mwanamke, ikawa mke wake. Wakazaa mtoto karibu na mto, akafa. Wakasogea juu kidogo, wakazaa wa pili, akafa. Wakapanda hadi juu vichakani, mtoto wa tatu akaishi. Ndipo wazee wakausia: msikae mabondeni penye maji mengi, ni pa magonjwa. Zipo sababu nyingine, za vita na za kukwepa wakamata watumwa. Lakini mwenzangu hufundishia malaria kwa hadithi hii, na nilipomsikiliza kesho yake darasani niliona ni kwa nini. Anawasimulia kwanza, kisha anawauliza wazee waliona nini bondeni ambacho hawakukijua jina. Ndipo anapofika kwa Ronald Ross, daktari aliyekuwa India, ambaye mwaka 1897 aliona vijidudu vya malaria ndani ya mwili wa mbu. Wazee walikwisha kujua pa kukimbilia. Ross alijua wanakimbia nini.

"Lakini mwalimu, hata huku juu tunaumwa malaria," akasema mtoto mmoja.

Akawapeleka kwenye kisima cha shule, akafungua kifuniko, akachota kwa bakuli jeupe. Viluwiluwi vya mbu vilikuwa vikichezacheza. Aliwafundisha kutofautisha. Vile vinavyoning'inia kichwa chini ni vya mbu wengine. Vinavyolala sambamba na uso wa maji ni vya anofelesi, wale wa malaria. Watoto waliweka nyuso zao karibu na bakuli mpaka pua zikalowa. Tumeyapandisha maji, alisema mwenzangu, mbu nao wakapanda. Mchana ule ule darasa lilishona wavu wa chandarua kilichochakaa juu ya mdomo wa bomba linaloingiza maji.

Jambo moja lilinikaa moyoni. Ubishi wote huu, wa kikonyo, wa mchanga, wa bakuli, ulikuwa kwa Kiswahili, lugha ya kufundishia katika shule za msingi tangu mwaka 1967, huku na huku wakinong'onezana Kimakonde. Maswali yalitoka kama risasi. Watoto hawa wakifika kidato cha kwanza watakutana na mada hizo hizo kwa Kiingereza, na nimeona kwetu wanafunzi wenye ndimi kali wakigeuka mabubu katika muhula mmoja. Sikubali kwamba ni lazima iwe hivyo. Mtoto aliyeuliza tunda ni lipi anastahili kuendelea kuuliza.

Kabla sijaondoka, mvulana aliyekuwa akihesabu sekunde alinifuata uwanjani. "Shikamoo mwalimu. Naomba kuuliza. Maji yanayotoka bondeni kwa shangazi yake yule msichana, ni ya mvua ya mwaka huu, au ni ya enzi za babu?"

Nilimwambia sijui, tukamwulize mwalimu wake. Naye hakujua. Alikaa kwenye kiti akafikiri, akaita darasa lote. Wakakubaliana hivi: kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wanaokwenda bondeni watachukua ndoo ile ile ya lita 20, wataikinga kwenye chemchemi ile ile, na kupima kwa saa ya simu inajaa kwa muda gani. Watabandika karatasi ukutani, na pembeni wataandika siku mvua iliponyesha. Mvua ikianza na ndoo ikawahi kujaa, basi maji ni ya mwaka huu.

Januari mwenzangu alinitumia ujumbe. Mvua zimeanza, visima vinajaa, mchanga umelowa mpaka chini, lakini kule kwenye chemchemi ndoo inajaa kwa muda ule ule wa kiangazi. Nusu ya darasa inasema maji ni ya babu. Nusu nyingine inasema hayajafika bado, yako njiani, wasubiri hadi Aprili.